Kuku wa Uani na Chupa Moja ya Chanjo



Mshahara huja mwisho wa mwezi, lakini daftari la mtoto, sabuni na nauli ya kwenda kumwona mgonjwa havijui kalenda ya kiwanda. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za wafanyakazi hapa Gisenyi, kuanzia mitaa iliyo karibu na mpaka wa Goma mpaka vilima vya wachuma chai wa Pfunda, utakuta kuku watano, sita au kumi wakichakura nyuma ya jiko. Hiyo ni akiba yenye miguu. Tarehe 20 ya mwezi, mfuko ukiwa umekauka, jogoo mmoja hufungwa miguu na kupelekwa sokoni, na siku hiyo nyumba haikopi.

Akiba hiyo ina ubaya mmoja: yaweza kufa yote katika wiki moja. Katika makala hii tutazungumza zaidi juu ya jambo hilo, kwa sababu mengi tunayolalamikia juu ya kuku ni madogo ukiyalinganisha nalo. Tena jambo hili, tofauti na bei ya mahindi, liko mikononi mwetu.

Hesabu ya mitetea watano

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia siku 21, kisha hulea. Kwa mwaka hufanya hivyo mara 3, pengine 4. Tuseme unao mitetea 5, na kila mmoja ametaga mayai 12 mara 3. Hayo ni mayai 180. Ukiyaatamisha yote, na katika kila mayai 10 yakaanguliwa 8, utapata vifaranga 144. Hapo ndipo hesabu ya karatasini huachana na hesabu ya uani. Kwa kuku wanaojitafutia chakula, si ajabu nusu ya vifaranga kufa kabla ya kufikisha wiki 8, kwa mwewe, nguchiro, paka, baridi na mvua. Watabaki kama 70. Hao si haba kwa mtu ambaye hakununua gunia la chakula.

Mwenye busara hayaatamishi yote. Mengine huliwa na watoto, na hapa lazima tuseme wazi: kuuza mayai yote kumi ili kununua soda na biskuti ni biashara mbaya. Hakuna duka litakalokuuzia kwa bei hiyo chakula cha kujenga mwili wa mtoto kilicho sawa na yai.

Kuna na faida zisizoingia katika hesabu. Mgeni akifika bila taarifa, nyumba yenye kuku haiaibiki. Mtoto wa miaka saba anayepewa kazi ya kufunga banda kila jioni hujifunza kuhesabu kwa haraka kuliko darasani, maana akikosea, mmoja hulala nje. Na nani hajacheka mtetea aliyepotea wiki tatu, kila mtu akisema ameliwa na kicheche, mara asubuhi moja anatoka kwenye migomba ya jirani na vifaranga kumi na mmoja nyuma yake, kama mtu aliyerudi safari na mizigo? Jogoo ni jambo jingine. Kwa wa zamu ya asubuhi yeye ni saa isiyohitaji betri. Wa zamu ya usiku, aliyelala saa 2 asubuhi, ana maoni yake juu ya jogoo, nasi hatuwezi kuyachapa hapa.

Ugonjwa unaofagia uani

Ugonjwa wenyewe Watanzania huuita mdondo au kideri. Kwa Kinyarwanda ni umuraramo. Katika vitabu vya waganga wa mifugo umepewa jina la mji wa Newcastle huko Uingereza, kwa kuwa ulitambuliwa huko mwaka 1926, mwaka ule ule ulioonekana pia katika kisiwa cha Java. Unaletwa na virusi, na neno hilo lina maana kubwa kwa mfuko wako, kama utakavyoona.

Dalili zake wengi wanazijua. Kuku husimama peke yake, mabawa yakilegea, manyoya yamesimama. Hukohoa au kupumua kwa shida, mdomo wazi. Huhara kijani. Wengine shingo hupinda au miguu hupooza. Mayai hukatika. Halafu huanza kudondoka, leo wawili, kesho wanne, na uani mlimokuwa na kuku 12 hubaki mmoja au hakuna. Mara nyingi huja na kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 9, tena hupenda majira ya sikukuu, kwa sababu wakati huo kuku wengi husafirishwa, hununuliwa na kuuzwa.

Je, unaingiaje? Virusi vimo katika mavi, mate na mafua ya kuku mgonjwa, na vyaweza kusafiri katika soli ya kiatu, katika tenga lililobebea kuku, katika gunia na katika manyoya yaliyotupwa. Lakini mlango mkubwa ni kuku mgeni, yule aliyenunuliwa soko la Mahoko au Mbugangari akionekana mzima kabisa. Tangu virusi viingie mwilini mpaka dalili zionekane hupita siku kama 5 au 6, na zaweza kufika 15. Wazee waliposema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walikuwa wakisema juu ya watu, lakini kwa kuku wenyewe ni agizo la afya. Mfunge mbali na wenzake, umpe chombo chake cha maji, na umwangalie siku 14 kabla ya kumchanganya.

Sasa hapa ndipo fedha nyingi za wafanyakazi hupotea. Mtu akiona kuku anakohoa, hukimbilia vidonge: tetrasaikilini, dawa zilizobaki za binadamu, pilipili kwenye maji, shubiri, kitunguu saumu. Vidonge hivyo vya kuua bakteria haviui virusi. Shubiri na pilipili hazina uwezo wa kuponya mdondo. Kuku mmoja au wawili hupona wenyewe, basi mwenye nyumba husema dawa imefanya kazi, na jirani naye hununua. Ukweli ni kwamba mdondo ukishaingia hauna tiba. Kuna chanjo tu, na chanjo hutangulia ugonjwa.

Kosa jingine ni kuwauza haraka wale walioanza kuumwa. Tunaelewa sababu, maana mtu anaona akiba inamponyoka. Lakini kila kuku mgonjwa anayepelekwa sokoni anaubeba ugonjwa mpaka uani kwa mfanyakazi mwingine, ambaye kesho naye atafanya hivyo hivyo. Waliokufa wachomwe au wafukiwe shimo refu, pamoja na manyoya na matumbo. Wasitupwe mtoni wala kwa mbwa. Aliyewashika anawe mikono, kwani virusi hivyo vyaweza kumwashia mtu macho yakawa mekundu kwa siku chache.

Kwa nini chupa ni ya watu wengi

Mtu atauliza: kama chanjo ipo, tena si ghali, mbona kuku wetu bado wanakufa? Jibu liko katika chupa.

Chanjo ya mdondo hutengenezwa katika chupa ndogo yenye dozi nyingi, mara nyingi 100, 200, 500 au zaidi. Ikishafunguliwa na kuchanganywa na maji hudumu saa chache tu, kisha hufa, na iliyobaki ni ya kumwaga. Mwenye kuku 1,000 hununua chupa yake bila kufikiri. Mwenye kuku 8 akiinunua peke yake anamwaga karibu yote. Anaona ni upuuzi, naye ana haki. Basi haichanji, na jirani haichanji, na wa tatu pia, mpaka kiangazi kinakuta mtaa mzima haujakingwa.

Lakini nyumba 20 zenye kuku 10 kila moja ni kuku 200, na kuku 200 ni chupa moja. Hapo gharama ya kila kuku inakuwa kitu kidogo sana ukilinganisha na bei ya yai moja. Hii ni kazi ya kufanywa kwa umoja hata kama hakuna anayependa maneno ya umoja, kwa sababu chupa yenyewe imetengenezwa hivyo.

Tena kuna sababu ya pili. Kumchanja kuku wa nyumba moja kati ya ishirini ni kama kufunga mlango mmoja wa ghala lenye milango ishirini. Kuku wako watakuwa salama zaidi, ndiyo, lakini vifaranga watakaoanguliwa baada ya chanjo hawana kinga ya kutosha, nao hucheza na vifaranga wa jirani. Kwa hiyo bei ya chupa igawanywe kwa idadi ya kuku, wala si kwa idadi ya nyumba, ili mwenye wawili asilipe sawa na mwenye thelathini. Na yule mjane au kibarua mwenye kuku wawili asiye na kitu siku hiyo, achanjiwe bure. Wengine wasidhani wanatoa sadaka. Wanajilinda wenyewe.

Siku ya kuifanya kazi hii tunayo tayari. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, watu wako nyumbani, nao hukutana wote. Mkubaliane katika isibo yenu katika mkutano wa mwezi uliotangulia. Mtu mmoja aandike idadi ya kuku kwa kila nyumba na kukusanya faranga. Mwingine azungumze na mganga wa mifugo wa sekta, maana yeye ndiye ajuaye chanjo gani inapatikana na jinsi ya kuitunza, na aombwe kuwafundisha watu wawili au watatu namna ya kuitumia. Asubuhi ya siku yenyewe kuku wasifunguliwe. Kuanzia saa 12 mpaka saa 2, kabla ya jembe la umuganda, watu wawili wenye chupa moja wanaweza kuzunguka nyumba zote. Mmoja anashika kuku, mwingine anachanja.

Aina za chanjo zinatofautiana, na jambo hili si la kupuuza. Ile iitwayo LaSota hutaka baridi kutoka kiwandani mpaka kwa kuku, ibebwe katika chupa ya chai yenye barafu. Iliyokaa mfukoni juani ni maji tu. Ile iitwayo I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme na ambayo Tanzania huitengeneza huko Kibaha, huvumilia joto zaidi, ingawa nayo hutaka kivuli. I-2 hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi 4. LaSota hurudiwa kila baada ya miezi 3, au kama mganga atakavyoagiza, na mara nyingi hutiwa katika maji ya kunywa. Hapo kuna mtego. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inayoua vijidudu vya tumbo inaua na chanjo. Tumia maji safi ya mvua au ya kisima, au tia kijiko kidogo cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta katika kila lita ya maji ya bomba kabla ya kuchanganya chanjo. Chombo kiwe cha plastiki au udongo. Kuku wanyimwe maji saa moja au mbili kwanza, ili wayanywe yote upesi.

Jambo la mwisho juu ya chanjo, ambalo limewafanya wengi waichukie. Kinga haiji siku ile ile. Huchukua wiki moja hadi mbili. Ukichanja wakati ugonjwa umeshafika mtaani, baadhi ya kuku watakuwa tayari na virusi mwilini, nao watakufa siku tatu baada ya tone, na watu watasema chanjo imewaua. Kwa hiyo chanjeni mapema. Kwa chanjo ya miezi 4, Januari, Mei na Septemba ni majira mazuri, kwa kuwa tone la Mei hukuta kiangazi bado hakijaanza.

Vifaranga, banda na jirani

Baada ya mdondo, anayekula zaidi ni mwewe. Wiki 4 za kwanza ndizo za hatari. Mama na wanawe wafungiwe mchana chini ya tenga kubwa, au katika ua mdogo uliofunikwa juu kwa wavu kuukuu wa kuvulia sambaza. Gisenyi usiku ni baridi, basi kifaranga aliyelowa jioni haamki. Wengine huwasha mbabula ndani ya kibanda. Yafaa ikiwa juu pana nafasi ya hewa kutoka. Kibanda kikizibwa kote, moshi usioonekana wa makaa huwaua wote, na kama kibanda kimeshikana na chumba cha watoto, hatari ni kubwa zaidi ya kuku.

Banda liwekwe mahali pa juu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilipofurisha Sebeya na kuporomosha vilima, zaidi ya watu 130 walikufa katika majimbo ya magharibi na kaskazini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuhesabu kuku. Lakini hata mvua ya kawaida ikiingia bandani huleta kuhara damu kwa vifaranga, maana ugonjwa huo hustawi katika takataka mbichi. Vilevile epuka mashimo ya mawe ya volkano. Wenzetu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, hewa nzito itokayo ardhini na kutuama mabondeni. Mtu mrefu hupita, kuku hafiki mbali.

Utitiri na viroboto hawahitaji dawa ya dukani kila mara. Weka majivu ya jikoni pamoja na udongo mkavu mahali penye kivuli, kuku wataoga wenyewe. Nyasi za kiota zibadilishwe kila mtetea anapomaliza kuangua, za zamani zichomwe.

Na jirani? Mji wetu umezungukwa na karoti, vitunguu, kabichi na viazi, na kuku mmoja katika tuta lililopandwa jana ni kesi. Mara nyingine tuta hilo limepuliziwa dawa, basi kesi inakuwa mbili. Dawa yake ni kuwafungulia jioni tu, saa 10 baada ya kutoka kazini, muda wanapokuwa na hamu ya kula upesi na kurudi. Asubuhi wapewe mabaki ya jikoni, majani na pumba. Walio karibu na kiwanda cha bia huuliza juu ya machicha. Yanafaa zaidi ng'ombe na nguruwe. Kuku apewe kidogo, yakiwa yamekaushwa, kwani mabichi huchacha baada ya siku chache.

Kuhusu mkopo wa kuku mia

Tumesikia wafanyakazi wakishawishiwa kuchukua mkopo wa SACCO, ukikatwa kwenye mshahara, wanunue kuku 100 wa mayai wa kisasa. Kuku hao ni wazuri. Mmoja aweza kutaga mayai karibu 300 kwa mwaka. Lakini hawajitafutii. Kila mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani kuku 100 hula kilo 12 kwa siku, kilo 360 kwa mwezi, na kabla ya yai la kwanza utawalisha kwa miezi 4 na nusu au 5. Chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama zote, nacho ni mahindi na soya, ambavyo bei yake haipangwi na mfugaji. Mkopo huanza kukatwa kabla kuku hawajataga.

Soko nalo hapa kwetu lina mlango, na funguo hazipo kwetu. Mayai na kuku wengi wa Rubavu huvuka kwenda Goma. Mipaka ilipofungwa mwezi wa 3 mwaka 2020 kwa ajili ya Korona, na tena vita vilipofika ndani ya Goma mwezi wa 1 mwaka 2025, wachuuzi wa kuvuka walikwama. Mwenye mitetea 5 alikula mayai yake na kungoja. Mwenye kuku 100 hakuweza kungoja, maana kuku hawaachi kula kwa sababu mpaka umefungwa. Anayetaka kupanua, aanze na 10, aone miezi sita, aandike kila faranga inayotoka na inayoingia, na ajue ni nani hapa hapa Gisenyi atanunua mayai yake: hoteli, shule, duka la mtaa.

Kwa wanaotaka kuanza chanjo ya pamoja, daftari la isibo liwe na mistari minne: jina la nyumba, idadi ya kuku wakubwa, idadi ya vifaranga, na kiasi kilicholipwa. Nyuma ya ukurasa iandikwe aina ya chanjo, tarehe iliyotumika, na tarehe ya kurudia.